Siku tisa tu
Jana usiku nimeirudia mara tatu albamu ya mwaka 2006 ya Willie Nelson, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, nyimbo 13, zote zimetungwa na Cindy Walker wa Texas, baadhi pamoja na wenzake. Mama huyu alitunga kwa miongo mingi, mamake Oree akimsaidia kwenye piano, na bado wengi wetu tunaopenda kantri hapa Kenya jina lake hatulijui. Inaniuma kweli. Kwenye wimbo "You Don't Know Me" Willie hapazi sauti. Analichelewesha neno hadi unadhani amelisahau, kisha analitua taratibu. Chai yangu ilipoa mezani sijaigusa. Albamu ilitoka Machi 14. Cindy akafariki Machi 23. Angalau nyimbo zake zilimkuta hai.