Magome ya mkandaa kisiwani Java

Gome la tingi nililinusa kabla sijaambiwa ni nini. Lilikuwa kwenye gunia kibandani kwa Simbah, kijiji cha Giriloyo, chini ya vilima vya Imogiri kusini mwa jiji la Yogyakarta, na harufu yake ilikuwa ya kwetu Tanga: tope la mikokoni, boriti mbichi, nyavu za babu zinazochuruzika maji. Nilitoa simu nikamwonyesha Simbah picha za mikoko yetu, tukalinganisha jani kwa jani. Tingi ni mkandaa. Mti uleule.

"Mbak, huo kwenu mnaufanyia nini?"

"Tunajengea, Mbah. Tunapaulia nyumba."

Akatikisa kichwa. "Basi mnalala chini ya rangi."

Simbah ni bibi kwa Kijava, na kila mtu hapa humwita hivyo. Mbak ni dada. Nilifika kwao nikiwa mwanafunzi wa Darmasiswa, ufadhili ambao serikali ya Indonesia huwapa wageni wanaotaka kujifunza lugha na sanaa zake. Mwaka mmoja ulikwisha, nikarudi, nikaolewa Bantul, wilaya hiihii ya Giriloyo, na sasa kazi yangu ni kushona nguo kwa vitambaa vya akina mama hawa.

Nilikuja nikijiona naijua batiki. Nyumbani nilikulia kwenye kikundi cha mama mdogo: sponji linakatwa maua, linachovywa kwenye mishumaa iliyoyeyushwa, linagongwa kwenye kitambaa, kisha rangi na kostiki soda kwenye beseni. Asubuhi kitambaa cheupe, jioni kimeuzwa. Maji yaliyobaki tulimwaga nyuma ya nyumba na hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Neno batiki lenyewe ni la Kijava, na kitenge ninachokivaa sikukuu ni mjukuu wa batiki ya huku, maana viwanda vya Uholanzi vya karne ya 19 vilianza kwa kuiga vitambaa vya Java, kisha biashara ikahamia kwetu Afrika. Haya yote niliyajulia huku.

Simbah hagongi sponji. Anashika chantingi, kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini wa mti, anachota nta ya moto, anapuliza mdomo usizibe, anachora. Nukta kwa nukta, kisha anageuza kitambaa na kuchora upande wa pili. Kitambaa cha mita mbili na kidogo kinamchukua wiki sita kama michoro ni ya kawaida. Halafu rangi. Kahawia ya Java, soga, ni magome yaliyochemshwa, na kitambaa hakichovywi mara moja. Unachovya, unaanika kivulini, unachovya tena, mara kumi na tano, ishirini, hadi mikono inachoka. Baada ya hapo unaikaza rangi: ukitumia shabu inabaki angavu, ukitumia chokaa inakolea, ukitumia maji ya chuma inakuwa nzito karibu na nyeusi. Mwisho kitambaa kinachemshwa, nta inaelea juu, tunaikusanya na kuiyeyusha tena kwa kazi inayofuata.

Nili, rangi ya bluu, nayo ina habari yake. Majani yanalowekwa hadi maji yageuke, yanatiwa chokaa, yanakorogwa hadi povu. Rangi ikituama chini, inachachushwa kwa sukari ya mnazi. Kitambaa kinatoka kwenye pipa kikiwa kijani, na ukikishika hewani unakiona kinageuka bluu mikononi mwako. Wao huiita nila. Nimeshaiona mara mia na bado huacha kila kitu nikatazame.

Lakini mwanzoni sikuheshimu hata kimoja kati ya hivi. Nilikuwa na michoro yangu ya magauni, nikataka kitambaa kiifuate. Duka moja la Ulaya liliniagiza magauni 40 ya rangi moja. Tulichemsha magome mara tatu, katika miezi tofauti, na mvua ilikuwa imeanza. Mkupuo wa kwanza ulitoka kama chai ya rangi, wa pili kama tofali, wa tatu katikati. Yalirudishwa magauni 26. Akina mama niliwalipa chote tulichokubaliana, maana kosa halikuwa lao, na kwa miezi minane akiba yangu ilikuwa sifuri. Nililia sana kipindi kile. Kosa lilikuwa kuuza ahadi ambayo mti hauwezi kuitimiza.

Tangu hapo nimeigeuza kazi. Naanza na kitambaa kilichopo, ndipo nafikiria vazi. Kila nguo inaondoka na karatasi inayosema imetiwa rangi ya mti gani, mwezi gani, na namna ya kuifua: leraki, tunda litoalo povu ambalo Wajava hufulia batiki zao, au sabuni laini, isiwe ya unga. Kukata pia kumebadilika. Saruni ya huku ina kichwa na mwili kama kanga ilivyo na mji na pindo, na aliyelelewa na kanga anajua kwamba mji haupasuliwi. Nashona kwa mistari iliyonyooka, kitambaa kizima, mabaki yakiwa machache kiasi cha kuenea kiganjani. Michoro nayo ina wenyewe. Parang ilikuwa ya ukoo wa kifalme, na hadi leo mgeni haruhusiwi kuivaa ndani ya kasri la Sultani wa Yogyakarta, siifanyi suruali. Truntum huvaliwa na wazazi wa maharusi. Tulikubaliana na Simbah tuchore karafuu, mmea uliotoka visiwa vya Maluku, hukuhuku Indonesia, ukafika Unguja na kuwa wetu.

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni lile gunia la magome. Tuliandika kwenye lebo "rangi asilia" na watu wakafurahi. Mimi nimezaliwa pwani. Najua mkandaa ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na mikoko ikifa bahari inaingia mashambani. Rangi ya mti siyo safi kwa sababu tu haikutoka kiwandani. Kweli, naftoli, rangi ya kiwandani, nimeona inachofanya: kule Pekalongan, kaskazini mwa Java, mito hubadilika rangi kwa maji ya batiki. Lakini sikutaka kuuokoa mto kwa kuumaliza msitu. Sasa tingi tunaitumia kidogo sana. Tunachukua magome ya mahogani kwenye viwanda vya mbao, ambako miti imeshakatwa kwa ajili ya fanicha. Njano tunaitoa kwenye unga wa mfenesi unaobaki kwa maseremala. Majani ya mwembe tunafagia. Majani ya mkungu, yale mapana yaliyojaa kila uwanja wa shule ya pwani, yakikazwa kwa chuma hutoa kijivu kizuri kuliko chochote nilichowahi kununua.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Zamani wanawake wa Giriloyo walichora nta tu; vitambaa vilikwenda kwa matajiri wa mjini, vikatiwa rangi na kuuzwa huko. Ni baada ya tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, lililoua watu zaidi ya 5,700 katika eneo hili, ndipo walipofundishwa kutia rangi na kuuza wenyewe. Sitaki kuwa tajiri mwingine wa mjini. Nalipa nusu ya fedha siku ambayo nta inaanza, na nusu kitambaa kikikauka, kiuzwe kisiuzwe. Ndiyo maana nguo zangu ni ghali, na mtu akiniomba bei ya batiki ya kuchapwa mashine namwelekeza aende akainunue hiyo.

Desemba nilikwenda Tanga. Mama mdogo alitazama nguo niliyovaa, akauliza kijivu kile kimetoka wapi. Nikamwonyesha mkungu uliokuwa umetupa kivuli. Tulichemsha majani kwenye sufuria la pilau, na misumari yenye kutu tuliyoiloweka kwenye siki kwa wiki nzima. Wiki iliyopita ametuma picha: kamba imejaa vitambaa vya kijivu, kikundi kizima kimesimama mbele. Sasa wanataka njano. Nimewaambia wapite kwa mafundi seremala, waulize ni nani amepasua mfenesi.