Lango Moja, Viti Mbali Mbali

Wapendwa katika Kristo, somo letu la wiki hii ni Yakobo 2:1–9, nami nimelisoma nikimkumbuka Bessie Coleman, binti wa wakulima maskini wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1892 na kukua akichuma pamba na kufua nguo za watu. Alipotaka kujifunza urubani, shule za Marekani zilimkataa kwa kuwa alikuwa mwanamke, tena mweusi. Akiwa Chicago, ambako alitengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi, alidunduliza fedha, akajifunza Kifaransa, akavuka bahari hadi Le Crotoy, Ufaransa. Ndege za Nieuport alizojifunzia hazikuwa na usukani wala breki. Rubani aliongoza kwa mti uliosimama mbele yake na kwa ubao wa kukanyaga. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa leseni ya kimataifa.

Hata hivyo, ujasiri wake wa angani haunigusi kama msimamo wake alipokuwa bado chini. Alipoalikwa kurusha ndege Waxahachie, mji aliokulia, waandaaji walikusudia malango mawili, moja la wazungu na jingine la weusi, naye akakataa katakata kupaa mpaka wote wapitie lango moja. Wakakubali. Lakini watu walipokwisha kuingia, ndani walitengwa tena, wazungu huku, weusi kule. Muda si mrefu baadaye, tarehe 30 Aprili 1926, alianguka kutoka katika ndege huko Jacksonville akafa, akiwa na miaka 34.

Tuangalie vizuri: Yakobo halalamikii mlango. Yule maskini mwenye mavazi mabovu ameingia katika sinagogi bila kuzuiwa na mtu, anakwamia kwenye kiti, mwenye pete ya dhahabu anapoambiwa, “Keti wewe hapa mahali pazuri.” Nasi hatumfukuzi mtu mlangoni, na tunajisifu kwa hilo (kupita kiasi, naona mimi), huku viti vya mbele vyenye vitambaa vikimngoja mheshimiwa atakayefika katikati ya mahubiri, na dada wa kazi aliyewahi kuja kufagia kanisa akioneshwa benchi la nyuma kabisa. Nawaomba wahudumu wanaoketisha watu Jumapili ijayo walisome somo hili kabla ya kengele ya kwanza.