Waliniambia Nichague Kazi Moja

Kila nikikaa na watu wa fani yangu, ushauri ni uleule: chagua kitu kimoja. Kama ni mchoraji, chora. Kama ni mtu wa kompyuta, baki kwenye kompyuta. Nimeusikia tangu nilipoacha kazi kwenye karakana ya uchapaji hapa Dar es Salaam, miaka tisa sasa, na unaniudhi mpaka leo. Ningeufuata, ningefunga virago mwaka uleule wa kwanza. Ndani ya mwezi mmoja naweza kuwa na kadi za harusi, michoro ya kitabu cha watoto, maandishi kwenye mlango wa pikapu na ukuta wa shule. Si kwamba nimekosa msimamo. Kazi hizi zinafundishana, na ukuta wa shule ndio ulionionyesha hivyo.

Ilikuwa shule ya awali upande wa Mbagala. Ukuta wa uwanjani, urefu kama mita kumi na mbili, na walitaka ramani ya Afrika, herufi zote, na tembo wawili wanaotazamana langoni. Mwenzangu mmoja akanishika mkono: "Dada, siku hizi nani bado anapiga miraba ili kukuza mchoro? Kodi projekta, fuatisha mistari, usiku mmoja umemaliza." Nikakodi, elfu thelathini na kitu, pamoja na waya mrefu wa kuvutia umeme kutoka ofisini.

Mchana projekta haionekani, kwa hiyo tulisubiri mpaka saa moja na nusu usiku, giza limeingia vizuri. Nikaiweka juu ya dawati, nikaiinua pua kwa matofali mawili ili ifike juu ya ukuta. Nilianza na ramani, mkono unakwenda wenyewe. Saa tatu umeme ukakatika. Tukakaa gizani na mlinzi wa shule, tukanywa chai yake ya tangawizi, na uliporudi nikaendelea pale nilipoishia, bila kujua kwamba katika kupapasa gizani mmoja wetu alikuwa amelisukuma dawati. Saa sita nikaenda kulala nimeridhika kabisa.

Asubuhi nikauona ukuta kwa jua. Kwa kuwa projekta ilikuwa imetazama juu, kila kitu kilikuwa kimetanuka upande wa juu. Afrika ya kaskazini ilikuwa imevimba, Misri imekuwa kubwa kuliko haki yake, na kusini kote kumebanwa. Tembo wa kushoto alikuwa na migongo miwili, mmoja wa kabla ya umeme kukatika na mwingine wa baada. Mwalimu mkuu alisimama kando yangu kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama kazi itakuwa imeisha kabla wazazi hawajaja Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Nilipaka nyeupe upya ukuta mzima, kwa rangi niliyoinunua kwa fedha yangu.

Ndipo nikampigia mzee aliyenifundisha kuandika mabango Temeke, enzi nilipokuwa nambebea makopo ya rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imeshuka?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama ukuta umekauka, nikasema umekauka. "Basi tafuta karatasi ya kaki, mkaa na soksi kuukuu. Na fundi cherehani mwenye subira."

Hii ndiyo mbinu ambayo sijaiona kwenye programu yoyote ya kompyuta. Niliunganisha karatasi za kaki kwa gundi hadi zikatosha tembo mzima, nikamchora sakafuni nyumbani, kwa miraba, kwa utulivu, nikifuta na kurudia mpaka mkonga ukakaa. Kisha nikaipeleka karatasi kwa jirani yangu mshonaji. Akatoa uzi kwenye cherehani, akaweka sindano nene ya jinzi, akashona kufuata mistari yangu bila uzi. Kinachobaki ni mstari wa vitundu. Hatua za cherehani lazima ziwe ndefu: vitundu vikikaribiana mno, karatasi inachanika kama stempu. Tulichana mguu mmoja wa nyuma tukajifunza, tukauziba kwa karatasi nyingine. Karatasi inafubaza sindano, kwa hiyo mnunulie fundi sindano mpya, asikuchoke.

Kuna jambo moja mzee alilikazia mara mbili kwenye simu: geuza karatasi, piga msasa laini upande wa nyuma. Sindano inapotoboa huacha vijinundu vinavyoziba tundu, na msasa unaviondoa. Baada ya hapo nilitwanga mkaa, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikautia kwenye soksi, nikafunga. Karatasi ikabandikwa ukutani, nikaipigapiga kwa soksi kote kwenye mistari. Nilipoibandua, tembo alikuwa pale kwa nukta nyeusi, sawasawa na nilivyomchora sakafuni. Dakika ishirini, labda na tano. Na uzuri ni kwamba nilikung'uta karatasi, nikaigeuza, nikapiga tena upande wa pili wa lango: tembo wa pili huyo, anamtazama mwenzake, hawapishani hata ukubwa wa kucha. Niliita watu waje kuona. Mlinzi alileta tena chai.

Kupaka rangi hakukunisumbua kwa sababu ya kazi nyingine tena. Kwa miaka miwili niliwahi kuchora picha za Tingatinga za kuuzia watalii, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya bodi. Kule unazoea utaratibu: mandhari ya nyuma kwanza, ikauke kabisa, ndipo umbo la mnyama, likauke, ndipo madoa na nyusi na macho. Ukiharakisha, rangi inaparamiana. Nikafanya hivyohivyo ukutani, nikamaliza Ijumaa jioni.

Miezi michache baadaye kikundi cha VICOBA, akina mama wa kuweka na kukopa, wakataka kanga yao ya sherehe. Kwenye kompyuta niliwatengenezea kitu cha kupendeza, rangi saba zinazofifiana. Dalali wa Kariakoo akaitazama akaniambia: mwanangu, kila rangi hapa ni skrini yake ya kuchapia, hawa akina mama watalipa? Nikashuka hadi nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kama ile kanga ya kisutu. Kilichonitesa ni pindo. Kwenye mji, pale katikati ya kanga, unaweza kujificha, lakini pindo likikata kona vibaya kila mwanamke ataliona kabla hajalinunua. Nikatoboa ua moja kwenye karatasi kama nilivyomtoboa tembo, nikawa nalipiga kwa mkaa, naligeuza, nalipiga tena, mpaka nikapata mahali ambapo kona inafungana bila kulazimishwa. Hapo ndipo nikarudi kwenye kompyuta. Jina la kanga walilitunga wenyewe: "Tulikuja na kikao, tunaondoka na mtaji."

Kadi za harusi zilinifundisha rangi kwa njia ngumu zaidi. Kamati walitaka bluu ya kung'aa, kwenye skrini ikang'aa, kwenye karatasi ikatoka zambarau. Kadi mia tatu na kitu. Tangu siku hiyo nachapa nakala moja kwanza, kwenye mashine ileile na karatasi ileile, mwenyekiti wa kamati anaishika kwa mkono wake na kuisaini nyuma.

Na ushauri mwingine mbaya, nadhani mbaya kuliko wote: "Usidai kianzio, utafukuza wateja, fanya kwanza wakuone." Nilifanya. Mteja mmoja akapokea nembo tatu za kuchagua, akanyamaza, na baada ya wiki sita nikapita barabarani nikaikuta ya pili juu ya mlango wa ofisi yake. Nilisimama pale jua likinipiga. Sasa nachukua nusu kabla sijashika penseli, picha za majaribio natuma ndogo na jina langu limekatiza katikati, na kwenye karatasi ya makubaliano naandika wazi kwamba haki ya mchoro inahamia kwa mteja akimaliza malipo. Kuna wanaoondoka. Walioondoka sijawahi kuwaona wakimlipa mtu mwingine pia.

Karatasi ya tembo bado ninayo, nimeikunja juu ya kabati, inanukia mkaa. Juzi shule nyingine imepiga simu. Wao wanataka tembo watatu, na mmoja awe mtoto. Mtoto nitamchora upya Jumapili, na jirani yangu nimeshamnunulia sindano.