Uzi mmoja wa DNA unanakiliwa vipande vipande, na hapo ndo kwenye utamu

Kila nikikuta mtu anaelezea DNA (vile vinasaba vya kurithi) inavyojinakili naona ni ile ile, nyuzi mbili zinaachana, herufi zake, yaani vijenzi vyake vinne, zinashikana, A inashika T, G inashika C, zinatoka DNA mbili, kwisha habari. Sio uongo ila asee imerukwa sehemu tamu kuliko zote.

Iko hivi, zile nyuzi mbili zimelala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kipo miguuni kwa mwenzie. Sasa enzaimu (protini inayofanya kazi ndani ya seli) inayopanga herufi mpya, polimerezi, inajua kwenda upande mmoja tu, kurudi nyuma haiwezi hata ufanyeje. Kwa hiyo DNA ikianza kufunguka, kwenye uzi mmoja polimerezi inaifuata ile njia inavyofunguka na kazi inaenda mserereko, lakini kwenye uzi wa pili inatakiwa iende kinyume na kunakofunguka!! Inafanyaje? Inasubiri kipande kifunguke, inakinakili kwa upande wake ule ule, kikifunguka kingine inaruka mbele inaanza tena, halafu enzaimu nyingine inaitwa ligezi inakuja kuunga vile vipande. Kwa bakteria kila kipande kina kama herufi 1,000 mpaka 2,000, kwetu binadamu ni vifupi zaidi, 100 mpaka 200 hivi.

Utasema si ingekuwepo tu polimerezi ya kwenda upande wa pili, mambo yaishe. Jibu linalotolewa sana ni hili na mimi linaniingia akilini: kila herufi mpya inakuja na nguvu yake yenyewe ya kujiunga, hivyo polimerezi ikikosea inakata ile herufi mbovu na inayofuata inaingia bila shida. Ingekuwa inaenda kinyume, nguvu ingekuwa imebebwa na ncha ya uzi wenyewe, ukikata herufi mbovu umekata na nguvu, uzi unagoma kuendelea. Yaani huu usumbufu wote ndo gharama ya kuweza kusahihisha makosa.

Waliogundua hivi vipande ni mtu na mkewe, Reiji na Tsuneko Okazaki wa chuo kikuu cha Nagoya kule Japani, miaka ya 1960, kwa hiyo ukisikia "vipande vya Okazaki" ujue ni Okazaki wawili. Walichofanya ni kuwalisha bakteria wa E. coli herufi T yenye mionzi, ili DNA mpya ijulikane iko wapi, kwa sekunde chache tu halafu wanasimamisha kila kitu ghafla. Na ilibidi wawe faster kwelikweli maana E. coli anapanga kama herufi 1,000 kwa sekunde, wakawa wanawaweka kwenye ubaridi ili kasi ishuke. Wakipima wanakuta mionzi iko kwenye vipande vifupi vifupi, wakiwaacha bakteria muda zaidi kidogo mionzi inahamia kwenye nyuzi ndefu. Maana yake vifupi vimeungwa. Wakaja kutumia kirusi anayeshambulia bakteria hao ambaye ligezi yake ni mbovu, vipande vikajaa tu havina wa kuviunga. Hapo sijui ungebisha nini, mi nisingekuwa na la kusema.

Kinachoniuma ni kwamba Reiji alikuwa mtoto wa Hiroshima, bomu la 1945 lilimpitishia mionzi akiwa bado kijana mdogo, na 1975 akafa kwa saratani ya damu, miaka 44 tu. Tsuneko akabaki na watoto na maabara, na swali lilikuwa bado halijaisha kwa sababu polimerezi haiwezi kuanza uzi kutoka sifuri, lazima iwekewe pa kuanzia, na kila kipande kinahitaji cha kwake. Yeye na wenzie wakakomaa nalo mpaka wakaonyesha kwamba hicho cha kuanzia ni kijipande kifupi cha RNA (ndugu wa karibu wa DNA), kinawekwa, kinatumika, kinatolewa kabla ligezi haijaunga.