Milima ya Antaktika iliyoinuka bila kukunjwa

Sisi wa Tanga tunaijua Usambara, milima iliyonyanyuka kwa kukatika kwa ganda la dunia. Safu ya Transantarctic, inayolikata bara la Antaktika kwa takriban kilomita 3,500, ni ya jamii hiyo hiyo, ingawa kwa kimo Usambara haifui dafu: kilele kirefu kuliko vyote cha Transantarctic, Mount Kirkpatrick, kina mita 4,528.

Kinachonivutia zaidi ni matabaka yake. Juu ya graniti ya kale yamelala mawe ya mchanga, karibu bapa hadi leo, yenye visukuku vya Glossopteris, mmea uliostawi wakati Afrika na Antaktika zilipokuwa sehemu za bara moja la Gondwana. Watu wa Robert Scott, mvumbuzi Mwingereza, waliviokota mwaka 1912 wakirejea kutoka Ncha ya Kusini na, hata walipokuwa wakidhoofika kwa njaa na baridi, hawakuvitupa. Miaka milioni 183 hivi iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipenya kati ya matabaka hayo ikaganda kuwa doleraiti nyeusi.

Kuinuka kwenyewe kulishika kasi miaka milioni 55 hivi iliyopita, ukingoni mwa bonde la ufa la Antaktika Magharibi. Baadaye mito ya barafu ilichimba mabonde na kuupunguza uzito wa mwamba, jambo lililosaidia vilele kupanda zaidi.