Mama mkaguzi na choo cha meli

Watu wakisikia umefanya kazi melini wanauliza habari za mawimbi na maharamia, hakuna anayeuliza choo kinaenda wapi. Enzi hizo nilikuwa kadeti wa injini kwenye meli ya mizigo, tumefunga gati Dar, akaja mkaguzi, mama wa makamo na ovaroli yake na tochi. Chifu injinia wetu alikuwa mtu wa mbali huko, akanisukumia mimi nimzungushe maana angalau tunaelewana lugha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipeleke kwenye mtambo wa majitaka."

Yaani injini kubwa hata hakuiangalia! Cheti cha majitaka tulikuwa nacho na muda wake haujaisha, meli ya tani 400 kwenda juu inayokwenda nchi za nje lazima iwe nacho, akakisoma akanirudishia, halafu akaweka kiganja juu ya blowa, ile mashine ya kusukuma hewa mtamboni. Ya baridi.

"Hii mnaiwasha saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli, tangu nipande sijawahi kuisikia inanguruma.

Sasa kwa wasiojua, ule mtambo sio tenki la kutunzia tu, ndani mna bakteria wanaokula kile tunachotoa sisi na wanataka hewa muda wote, ndo kazi ya blowa, kisha maji yanatuama, yanauliwa vijidudu kwa klorini ndo yanatoka. Ukizima blowa wale wanakufa, wanashika nafasi wengine wasiotaka hewa, na hao ndo wanaleta gesi ya kunuka mayai viza, ambayo kwenye chumba kisicho na hewa inaua mtu, sio utani. Mara mama anataka kuona stoo ya stuadi, yule mhudumu wa usafi na vyumba melini. Nikajiuliza choo na stoo wapi na wapi, kumbe anatafuta madumu ya klorini ya kuoshea vyoo, akayakuta yamepangwa mpaka juu. "Huku mnawanyima hewa, huku mnawamwagia sumu, hapo mtambo gani tena?"

Tukarudi chini, akamulika valvu. Mipini yote ina kutu na rangi ya zamani isipokuwa mmoja, ule wa kutoa mzigo moja kwa moja baharini bila kupita mtamboni, huo unang'aa kwa kushikwashikwa. Akapiga picha, hakusema kitu.

Chifu akaanza kujitetea, eti tutatoka nje tukamwage kisheria. Ni kweli Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, ule mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilichoanza kazi 2003, kinaruhusu kumwaga mbichi ukiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, meli inatembea si chini ya noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) na unatoa kidogo kidogo, sio kufungulia yote kwa mpigo (iliyosagwa na kuuliwa vijidudu inaanzia maili 3). Mi naona hata hiyo sheria ni ya upole sana, maji ya jikoni na bafuni haiyagusi kabisa. Ila safari yetu ilikuwa ya Tanga, kupitia mkondo wa Zanzibar. Mama akachora kwenye karatasi, huku bara, huku Unguja, panapobana ni kama kilomita 36, ukipita katikati kabisa uko kama maili 10 tu kutoka kila upande na kisiwa nacho ni nchi kavu. "Haya, hizo maili 12 utazipata wapi humo?" Chifu kimya. Mi nacheka kimoyomoyo, maana samaki wa mkondo huo ndo nimekua nikiwala.

Basi likaitwa gari la majitaka, lile lile la mitaani. Dereva akavuta mpira wake, akamaliza mapema, akanigeukia. "Dogo, limeli lote hili hata gari hamjazi?"

Nikamwambia brother, nyingine ilishatangulia baharini.

Usiku mimi na fita, fundi wa meli, tukafumua blowa, mota ilikuwa imeungua zamani tu, tukafunga nyingine na kumwaga pakiti za bakteria wapya, wale wanachukua siku kadhaa mpaka wazoee. Chifu alisaini bili ya gari bila neno. Stuadi alinyang'anywa madumu yake akapewa sabuni isiyo na klorini, akailalamikia mpaka Tanga, anasema haina hata harufu ya usafi.