Daftari la mahudhurio na papasi wa Isimani

Mwaka wangu wa kwanza kusimamia shamba huko Isimani, kaskazini mwa Iringa mjini, haikupita wiki bila mtu kulala na homa. Tulisema malaria. Mtu anameza dawa, baada ya siku chache anapata nafuu, anarudi kazini. Wiki ikipita homa hiyoo tena, kichwa kinampasuka. Mkamuaji wetu ilimrudia mara tatu. Mara ya tatu tabibu wa zahanati akamtoa damu homa ikiwa juu, akatazama kwenye darubini, akaniita. "Kaka, hii si malaria, ni homa ya papasi. Hawa watu wanalala wapi?"

Walilala kwenye tembe la zamani, mikeka chini, sakafu ya udongo. Tulichokonoa nyufa za ukuta kwa kijiti, papasi wakadondoka kama kokoto. Huyu si kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania siku kadhaa. Hutoka usiku, hunyonya kama nusu saa, hurudi ufani, na aliyeumwa hana habari. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama kambi kwa muda na kurudi ni kujisumbua.

Mzee mwenye shamba akaagiza tunyunyizie dawa. Tukanyunyizia, wakarudi, kwa sababu dawa haikufika ndani ya nyufa. Saruji akaikataa: ghali.

Ndipo nikakaa na daftari la mahudhurio, jioni mbili mfululizo. Walioajiriwa hawakunipa shida. Sheria ya ajira ya 2004 inawapa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Maana yake kila siku ya homa mzee alilipa mara mbili: mgonjwa, na aliyeshika nafasi yake. Vibarua ndio walionikwamisha. Asiyekuja halipwi, basi kwenye karatasi homa yao ni bure. Nikaandika yaliyotokea siku hizo: mahindi yaliyochelewa kuvunwa yakaliwa na mchwa, ng'ombe aliyekamuliwa ovyo na mgeni akapata ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yakamwagwa. Jumla ya msimu mmoja ilizidi saruji, mchanga na fundi.

Mzee akasoma kimya. "Mbona hukuniambia mapema?"

Nilikuwa nimemwambia. Sikumkumbusha.

Tulisakafia, tukapiga lipu kuta, tukachonga vitanda na kuviweka mbali na ukuta, kuku wakatolewa ndani. Mikeka ya wageni huanikwa na kukung'utwa nje kwanza. Kibarua mmoja alinuna siku nzima kwa hilo. Kilichobishaniwa zaidi ni siku ya zahanati kulipwa, hata kwa kibarua. Mzee aliona nafungulia wavivu mlango. Lakini kabla ya hapo walikuwa wanaficha homa mpaka wanaanguka. Sasa wanakwenda siku ya kwanza, wanapewa doksi, dawa ya homa hiyo, wanarudi mapema.

Msimu uliopita homa zilikuwa mbili tu, na zote zilikuwa malaria kweli. Nimeanza hesabu ya vyandarua.